Nimeambiwa niandike hati ya kinga dhidi ya mlipuko ya kinu chetu cha unga. Wajibu ni wa nani?

"Hujambo mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa matengenezo katika kinu cha unga wa mahindi na ngano karibu na Nakuru. Tuko wafanyakazi sitini hivi kwa zamu tatu. Kampuni ya bima imesema haitatuongezea mkataba mpaka tuonyeshe hati ya kinga dhidi ya mlipuko, na meneja mkuu amenipa mimi kazi hiyo kwa kuwa 'mambo ya mashine ni yako'. Nimepata hati ya kiwanda kimoja cha rangi cha Ulaya na nafikiria kubadilisha majina tu. Cheti cha moto tunacho, vizimamoto viko, na ukaguzi wa usalama hufanywa kila mwaka. Je, kweli unga unaweza kulipuka kiasi cha kuhitaji hati yake? Nikitia sahihi, likitokea la kutokea nitashtakiwa mimi? Na mafundi wa nje wanaokuja kuchomelea, wakikosea kosa ni la nani? Nimepewa mwezi mmoja."

Ndugu msomaji, umeuliza mengi, ila naona linalokukosesha usingizi ni la sahihi. Basi tuanzie hapo.

Kuandika hati unaweza, na hati isiyo na mkono wa mtu wa matengenezo huwa na kasoro, maana yeye ndiye anayejua beringi ipi inapata moto na mfuniko upi haufungi sawasawa. Lakini wajibu haukabidhiwi pamoja na kalamu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 imeuweka kwa mwenye mamlaka juu ya mahali pa kazi. Yeye ndiye anayetakiwa kuhakikisha tathmini ya hatari imefanywa, hatua zimechukuliwa kufuatana na matokeo, na nakala ya ripoti imemfikia ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo lenu. Anaweza kukutuma wewe, au akamlipa mshauri, lakini wa kuulizwa ni yeye. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa hati uwe na sahihi mbili zenye maana tofauti. Yako ikae chini ya maneno kama "nimekagua na kuandika nilichokikuta tarehe hizi". Ya mkurugenzi, anayesimama kwa niaba ya mwenye mamlaka huyo, ikae chini ya "nimepokea, nimeidhinisha hatua, fedha na tarehe zilizotajwa". Akisita kutia ya kwake, hati haijakamilika. Mwandikie barua pepe umtajie hatua zinazosubiri idhini yake, na uihifadhi.

Hata hivyo usidhani upande wako uko huru kabisa. Mfanyakazi naye ana wajibu wake kisheria, na panapomfunga mtu wa ngazi yako ni kwenye kumbukumbu za uongo. Tarehe 31 Mei 2017 kinu cha mahindi cha kampuni ya Didion Milling huko Cambria, jimbo la Wisconsin, Marekani, kililipuka na kuua wafanyakazi watano. Uchunguzi uliofuata ulifika hadi kwenye daftari la usafi. Mwaka 2023 kampuni ilikiri mahakamani kwamba wasimamizi wake wa zamu walighushi maandishi ya daftari hilo, na Januari 2024 ikaamriwa kulipa faini ya dola milioni 1 na fidia ya dola milioni 10.25 kwa waathirika. Tena kesi haikuishia kwa kampuni: wapo maofisa wake waliotiwa hatiani wao binafsi. Alama ya tiki iliyowekwa mahali ambapo hapakufagiliwa ni ushahidi, na sahihi iliyo kando yake huwa ya mtu wa zamu, si ya mkurugenzi.

Sasa la unga wenyewe. Ndiyo, unalipuka, na vibaya. Gunia la unga likiwa limekaa chini hata kiberiti huliwashi kwa urahisi, na ndiyo maana watu hawaamini. Moto unahitaji hewa, na unga uliolundikana hewa huipata juu tu. Ukiurusha hewani, kila chembe inazungukwa na oksijeni pande zote, na chembe moja ikiwaka inaiwasha ya jirani kabla hujapepesa jicho. Wingu hilo likiwa ndani ya chombo au chumba, gesi ya moto haina pa kutanukia, na presha inapanda. Kwa unga wa nafaka ndani ya chombo kilichofungwa inaweza kufika bar 8 au 9 (bar moja inakaribia presha ya hewa ya kawaida). Ukuta wa matofali hubomoka kwa sehemu ndogo sana ya hiyo.

Aina nyingi za unga wa nafaka zinaanza kuweza kulipuka kwenye gramu 50 hadi 100 hivi kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiasi hicho ni kizito kuliko watu wanavyofikiri: ndani ya wingu la gramu 40 tu, balbu ya wati 25 iliyo mita mbili mbele yako huioni vizuri. Hakuna mtu anayefanya kazi ndani ya hewa ya namna hiyo. Ndiyo maana wengi husema "hapa kwetu hakuna wingu, basi hakuna hatari." Kosa la hoja hiyo ni mawili. Kwanza, wingu hilo lipo kila siku, ila liko ndani: kwenye eleveta ya ndoo (mkanda wenye ndoo unaopandisha nafaka), kwenye silo (ghala refu kama mnara) wakati wa kujazwa, kwenye chujio la vumbi kila mifuko inapokung'utwa. Pili, wingu la chumbani lipo limelala. Chukua vumbi la unene wa milimita 1 sakafuni. Kila mita ya mraba ina lita moja ya unga, yaani kama gramu 500. Chumba chenye kimo cha mita 5 unga huo ukipeperushwa wote, unapata gramu 100 kwa mita ya ujazo. Milimita moja! Na hapo sijahesabu yaliyo juu ya mihimili, mabomba na trei za nyaya, ambako ufagio haufiki.

Mlipuko wa kwanza kwa kawaida huwa mdogo, ndani ya mashine moja. Unapasua mfuniko, upepo wake unatikisa jengo na kuinua vumbi lililolala, kisha ndimi za moto zinafuata nyuma na kuliwasha lote. Huo wa pili ndio unaoua. Kinu cha Washburn A huko Minneapolis kililipuka hivyo tarehe 2 Mei 1878 na kuua watu 18. Kinu cha Roland huko Bremen, Ujerumani, kiliua 14 tarehe 6 Februari 1979. Karne moja imepita katikati na kisa ni kile kile.

Cheti cha moto na vizimamoto vibaki, vinatakiwa. Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007 zina kazi yake: njia za kutokea, mazoezi, vifaa vya kuzimia. Lakini mlipuko hautoi nafasi ya kukimbilia kizimamoto. Unakwisha kwa sehemu ya sekunde. Isitoshe, kizimamoto chenye mpulizo mkali kikielekezwa kwenye lundo la unga unaofukiza, yaani unaoungua kimyakimya bila ndimi, ndicho kinachoinua wingu na kuliwasha. Wafundishe watu wako kwamba lundo la aina hiyo hunyunyiziwa maji kwa manyunyu laini, kutoka mbali.

Kuhusu hati ya kiwanda cha rangi, tafadhali iache. Hati ya namna hii asili yake ni Ulaya, kwenye Agizo la Umoja wa Ulaya namba 1999/92/EC, na kampuni za bima na wanunuzi wa kimataifa wameichukua huko. Kiwanda cha rangi hatari yake ni mvuke wa viyeyushi, na maeneo yake yamegawanywa katika kanda, yaani madaraja ya hatari kufuatana na mara ngapi mvuke huo hupatikana: 0, 1 na 2. Vumbi lina kanda zake: 20, 21 na 22. Tofauti haiko kwenye namba tu. Mvuke ukifungua madirisha unatawanyika na kwenda zake. Vumbi linatua, linakaa, linasubiri. Feni inayookoa kiwanda cha rangi inaweza kuwa ndiyo inayolirusha vumbi kwenu. Mkaguzi anayejua kazi akikuta "kanda 1" kwenye hati ya kinu cha unga, hataendelea kusoma.

Je, sheria ya Kenya inaitaka hati yenye jina hilo? Jina hilo hapana, yaliyomo ndiyo. Mbali na tathmini ya hatari, sheria inataka kwamba penye kusaga au kuchekecha kunakotoa vumbi linaloweza kulipuka, mitambo ifungwe vumbi lisitoke, linalotoroka liondolewe lisijikusanye, na vyanzo vya kuwasha viondolewe au vizibwe. Mitambo isiyoweza kuhimili presha ya mlipuko inatakiwa iwe na vizuizi na matundu ya kupunguzia presha. Wenye wafanyakazi 20 au zaidi wawe na kamati ya usalama na afya, na nyinyi mko sitini. Ukaguzi wa mwaka mnaofanyiwa ni mzuri, ila soma ripoti yake ya mwisho: kama neno vumbi limetajwa kwa ajili ya mapafu tu, basi suala la mlipuko halijaguswa. Wasomaji wa Tanzania nao wana Sheria namba 5 ya mwaka 2003 na wakala wa usalama na afya kazini, OSHA. Ushauri wangu hapa unawafaa vilevile.

Tuje kwenye nani afanye nini, maana hati nyingi hufia hapo. Zimejaa maneno "itahakikishwa kwamba", bila mtu. Kila hatua iwe na cheo cha mtu mmoja, na mtu huyo awe na uwezo wa kusimamisha kazi. Mkurugenzi anatoa fedha na kuamua tarehe. Msimamizi wa uzalishaji anashika usafi na uendeshaji, kwa sababu watu wa kufagia na saa za kusimamisha mashine viko mkononi mwake. Usafi ukiandikwa jina la matengenezo, haufanyiki. Wewe unashika beringi, mikanda, umeme, athi (waya za kupeleka umeme ardhini) na ukaguzi wa vifaa. Ofisa wa usalama anashika vibali na mafunzo. Mkuu wa zamu ya usiku aandikwe kabisa kuwa anaruhusiwa kusimamisha eleveta bila kumpigia mtu simu. Zamu ya usiku ndiyo inayokuwa na mtu mdogo kuliko wote mbele ya uamuzi mkubwa kuliko wote. Kamati yenu ya usalama isomewe rasimu kabla haijatiwa sahihi. Wale wa kwenye chekeche na kufungasha watakuambia mambo ambayo mchoro wa kiwanda hauonyeshi.

Kuiandika, anza na miguu, si kompyuta. Fuata nafaka kutoka shimo la kupokelea, kwenye eleveta, silo, usafishaji, rola, chekeche, mabomba, chujio, mpaka kufungasha. Kila kituo uliza mambo matatu: vumbi linapatikana wapi na mara ngapi, nini kinaweza kuliwasha, na likiwaka nani yuko karibu na moto utaelekea wapi. Ndani ya eleveta, ndani ya silo la unga na upande mchafu wa chujio, ambako wingu lipo muda wote au mara nyingi, ni kanda 20. Mahali ambapo wingu hutokea mara kwa mara katika kazi ya kawaida, kama karibu na mdomo wa kujazia magunia au mlango wa ukaguzi unaofunguliwa kila siku, ni kanda 21. Mahali ambapo halitarajiwi, na likitokea halidumu, ni kanda 22. Tabaka la vumbi linalokaa nalo linahesabiwa, kwa hiyo chumba kichafu kinajipandisha daraja chenyewe. Ukikisafisha kweli, kwa ratiba inayothibitika, kanda inapungua na gharama ya vifaa vya umeme inapungua nayo. Hiyo hoja mpelekee meneja. Wengine husikia lugha hiyo haraka kuliko nyingine.

Chora kanda hizo kwenye mchoro wa jengo, wa juu na wa ubavuni, kwa vipimo vya mita. Penye kuingia kanda hizo weka alama ya pembetatu ya njano yenye ukingo mweusi na herufi EX. Kisha kila kituo kiwe na ukurasa wake. Nakuonyesha mfano wa maandishi ninayotaka kuyaona:

Eleveta namba 2, ghorofa ya chini hadi ya nne. Ndani: kanda 20. Mita 1 kuzunguka mlango wa chini: kanda 22. Vyanzo vya kuwasha: mkanda kuteleza kwenye puli ya juu, mkanda kwenda upande na kusugua bati, beringi za juu na chini, ndoo iliyolegea kugonga, kipande cha chuma kutoka kwenye nafaka, umemetuamo (umeme unaojikusanya kwa msuguano) wa mkanda. Kinga iliyopo: sumaku kabla ya shimo, inasafishwa kila zamu. Kinga inayokosekana: kipima mwendo wa mkanda, kinachosimamisha mota mwendo ukishuka asilimia 20, vihisi vya mkanda kwenda upande, vipima joto vya beringi. Mhusika: msimamizi wa matengenezo. Tarehe ya mwisho: imeandikwa. Hadi hapo: beringi zinapimwa kwa kipimajoto cha mkononi kila saa mbili na mkuu wa zamu, ikizidi nyuzi 20 juu ya kawaida yake, eleveta inasimama.

Angalia mstari wa mwisho. Hati nyingi husema kitakachonunuliwa mwaka ujao na kunyamaza kuhusu usiku wa leo. Nyuzi 20 nimeziweka kama mfano. Za kwenu zitoke kwenye vipimo vya kawaida vya mashine yenu kwa wiki moja au mbili. Na nimeanza na eleveta kwa makusudi: ni chombo kinachoongoza kwa kuanzisha milipuko ya nafaka, kwa kuwa ndani yake kuna wingu, mwendo, msuguano na bomba refu, vyote pamoja.

Usafi uandikwe kwa kipimo, si kwa neno "mara kwa mara". Kanuni za Marekani za maghala ya nafaka zinasema kwamba katika maeneo nyeti, yakiwemo ya mita 10 na kidogo kuzunguka eleveta ya ndani, vumbi likifika inchi moja ya nane, kama milimita 3, liondolewe mara moja. Kwa unga uliosagwa laini mimi ningewawekea milimita 1, na kipimo chepesi: kama rangi ya sakafu au ya mhimili haionekani chini ya vumbi, pamechelewa. Kufagia na kunyonya kwa mashine inayofaa kanda hiyo ndiyo njia. Hewa ya kompresa ipigwe marufuku isipokuwa mitambo imesimama, vifaa vya umeme visivyofaa kanda hiyo vimekatiwa umeme, na ofisa ametoa kibali. Najua inapendwa kwa sababu ni ya haraka, lakini inatengeneza lile wingu lile lile tunalolikimbia.

Vifaa vya umeme navyo wengi hukosea kwa kuamini kwamba mota yenye alama ya Ex, ya vifaa vilivyotengenezwa kwa mahali penye hatari ya mlipuko, imemaliza kazi. Soma kibao. Kwa unga, ambao haupitishi umeme, kundi la vumbi linalotakiwa kuandikwa hapo ni IIIB au zaidi. Kanda 20 inataka kiwango cha kinga cha Da, kilicho cha juu kabisa, kanda 21 Db, kanda 22 angalau Dc. Kisha angalia joto la juu la uso wa kifaa. Hesabu iko hivi: chukua joto linalowasha wingu la unga wenu, lizidishe kwa theluthi mbili; chukua joto linalowasha tabaka la milimita 5, toa nyuzi 75; kinachotumika ni kidogo kati ya hivyo viwili. Tuseme wingu ni nyuzi 390: theluthi mbili ni 260. Tuseme tabaka ni 300: toa 75 upate 225. Basi hakuna uso unaoruhusiwa kuzidi 225, na hiyo ni kwa tabaka lisilozidi milimita 5. Mota ikifunikwa na vumbi nene inashindwa kupoa, hesabu yote inaharibika.

Baada ya kufunga, vifaa hivyo vinakaguliwa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60079-17 kinataka ukaguzi wa kina mwanzoni, kabla ya kutumika, kisha ukaguzi wa vipindi usiopitisha miaka 3 bila ushauri wa mtaalamu. Wajerumani, ambao ni wakali kwa haya, wanadai vifaa kila miaka 3, na kinga yote ya kiwanda kwa ujumla wake kila miaka 6. Makosa utakayoyakuta mara nyingi ni madogo: glandi ya waya (kibano kinachoziba pale waya unapoingia) iliyolegea, tundu lisilozibwa, skrubu mbili kati ya nne za mfuniko hazipo, mpira wa kuzuia vumbi umekauka, waya wa athi kwenye bomba la unga ulikatwa wakati wa matengenezo na haukurudishwa. Kila moja ya hayo inafuta maana ya kibao cha Ex. Hati iwe na orodha ya vifaa kwa namba, cheti cha kila kimoja, na tarehe ya ukaguzi uliopita na ujao.

Mafundi wa nje sasa. Kila mwajiri anawajibika kwa watu na kazi iliyo chini yake, lakini anayeratibu ni mwenye mahali pa kazi, na taratibu za uratibu huo zinaandikwa ndani ya hati. Fundi wa kuchomelea hajui kwamba nyuma ya bati analolikata kuna bomba linaloelekea silo. Nyinyi mnajua. Kwa hiyo kisingizio cha "alikuwa mkandarasi" hakina nguvu kama hakupewa maelezo kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, kabla hajawasha grainda.

Kibali cha kazi ya moto kiwe cha kazi moja, mahali pamoja, zamu moja. Kitolewe na mtu wenu, baada ya kwenda kuona kwa macho. Mkandarasi hajipi kibali mwenyewe. Kabla ya kuanza: mtambo na yote iliyounganishwa nayo imesimamishwa na kufungwa kwa kufuli, vumbi limeondolewa mita 11 kuzunguka pamoja na juu ya mihimili na ghorofa ya chini, matundu na mabomba yamezibwa kwa vifuniko visivyoshika moto, mtu wa kulinda moto amesimama na maji. Baada ya kumaliza, mlinzi anabaki saa nzima, kisha mtu anapita tena kabla mtambo haujawashwa. Saa hiyo ndiyo inayoibwa zaidi, kwa sababu uzalishaji unasubiri. Unga hufukiza kimyakimya ndani ya mwanya, na eleveta ikiwashwa cheche inapandishwa mpaka silo. Na kama kipande kinaweza kufunguliwa bolti kikachomelewe karakana, kibali kinyimwe.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mabadiliko. Kiwanda cha Imperial Sugar huko Port Wentworth, Georgia, mwaka 2007 kilifunika kwa mabati mkanda wa kusafirishia sukari chini ya silo, ili sukari isichafuke. Nia ilikuwa njema. Ila mkanda uliokuwa wazi ukawa chumba chenye wingu, kisicho na mfumo wa kunyonya vumbi wala matundu ya presha. Tarehe 7 Februari 2008 kililipuka, na watu 14 wakafa. Hati yenu iseme wazi kwamba hakuna kifuniko, feni, bomba, aina mpya ya nafaka wala kasi mpya ya mashine inayoingia kazini kabla ukurasa husika haujasomwa na kurekebishwa. Weka tarehe na namba ya toleo kila ukurasa, na nakala moja ikae chumba cha wakuu wa zamu, siyo ofisini kwa meneja tu.

Kwa mwezi mmoja na fedha za kawaida, usijaribu vyote. Wiki mbili za mwanzo tembea, chora kanda, andika kurasa. Hatua za bei ndogo zianze hata kabla hati haijaisha: kuziba mivujo, usafi wa juu, kibali cha kazi ya moto, sumaku, kurudisha athi. Vihisi vya eleveta ni ununuzi wa kwanza mkubwa, na kwa maoni yangu vinatangulia mota mpya za Ex katika vyumba vya kanda 22 ambavyo usafi unaweza kuvimudu. Matundu ya presha na vizuizi vya kutenganisha eleveta na silo vinakuja baadaye kwa sababu ya gharama, si kwa sababu ya umuhimu. Yaandike kama pengo lililo wazi, na tarehe. Bima ikikuta pengo lililokiriwa na lenye mpango inaweza kujadiliana nawe; ikikuta lililofichwa, itakapofika siku ya kudai utaijua rangi yake.

Hapo kwenye matundu ndipo mwisho wa kazi ya mtu wa ndani. Ukubwa wake unahesabiwa kwa nguvu ya mlipuko wa unga wenu wenyewe, iliyopimwa maabara, pamoja na uimara wa chombo. Takwimu za vitabuni zinafaa kwa makadirio, hazifai kukatia bati. Tundu lililokatwa kwa kukisia au linalofungukia ndani ya jengo linamwaga moto juu ya watu. Mwite mhandisi pia kama mnafukiza nafaka kuua wadudu kwa vidonge vya fosfini, maana gesi yake, mbali na sumu, inaweza kulipuka ikifika asilimia 1.8 ya hewa, na hiyo inahitaji ukurasa wake. Na ukinusa kitu kinachoungua ndani ya silo au chujio, usifungue mlango kuchungulia: simamisha mitambo, toa watu, ita zimamoto uwaambie ni unga.

Ukimtafuta mshauri, hakikisha ameidhinishwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, kisha muulize amewahi kugawa kanda za vumbi, siyo za gesi, na akuonyeshe hesabu ya kazi iliyopita bila jina la mteja. Mkataba wake useme atafika kichwa cha kila eleveta na juu ya kila silo, mitambo ikiwa inafanya kazi na ikiwa imesimama, usiku mara moja. Malipo ya mwisho yasubiri mpaka awapitishe wakuu wa zamu watatu kwenye hati, na kila mmoja aweze kueleza ukurasa wa mashine yake bila kusomewa.